Beila kuukuu ya marobota ya mviringo: kagua nini kabla hujalipa, itunze vipi ikishafika shambani

Mfugaji_Siha (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Siku hizi ukipita yadi za matrekta yaliyotumika, iwe Arusha au Nairobi, hukosi kuona beila za mviringo (mashine za kufunga nyasi kavu kuwa marobota) zilizoshushwa kutoka Uingereza na nchi nyingine za Ulaya. Nimeulizwa sana kwa ujumbe wa faragha kuhusu hizi mashine, nikaona bora nifungue uzi ili wenye ujuzi zaidi yangu nao wachangie. Mimi nalima nyasi za Rhodes huku Siha, nafunga za kwangu na za majirani wanaonikodi.

Nianze na msimamo wangu. Kwenye beila kuukuu unanunua rola na shafti zake. Rangi, taa, matairi, hata meno ya kuokotea nyasi, vyote hivyo vinarekebishika kwa pesa inayoeleweka. Lakini rola zikishaliwa shafti, au bati nene la ubavuni likishatanuka tundu pale beringi inapokaa, hapo umenunua chuma chakavu kwa bei ya mashine.

Kwanza ujue unanunua aina gani. Kuna zile ambazo chumba chake hakibadiliki ukubwa. Rola za chuma zimepangwa duara, nyasi zinaingia na kuzungushwa mpaka zinajaa na kubana. Claas Rollant na Welger RP 12 ziko kundi hili. Krone KR 125 nayo chumba hakibadiliki, ila kazi ya kuzungusha hufanywa na minyororo yenye fito za chuma. Robota la chumba cha namna hii kiini chake ni laini, ugumu uko nje. Kundi la pili ni la mikanda: chumba kinaanza kidogo, kinatanuka kadiri robota linavyokua, kwa hiyo linabana tangu katikati na unaamua mwenyewe kipenyo. Vermeer wa Pella, Iowa, waliotoa beila yao ya kwanza ya marobota makubwa ya mviringo mwaka 1971, walijijengea jina kwa mikanda, na John Deere nyingi za zamani ziko hivyo pia.

Kwa mashine iliyozidi miaka 20 na kwa mazingira yetu, mimi nachagua rola. Mikanda ya beila hupati dukani, unaagiza nje seti nzima na kusubiri meli wakati nyasi zimeshakatwa ziko chini. Beringi za rola mara nyingi zina namba za kawaida zilizochapwa ubavuni. Unakwenda nayo mkononi kwenye maduka ya spea, Gerezani ya Dar es Salaam au Kirinyaga Road ya Nairobi, unarudi na mpya siku hiyo hiyo. Bado ukikutana na ya mikanda iliyotunzwa vizuri kwa bei nzuri, usiikimbie. Kunja kila mkanda kwa mkono uone kama una nyufa, tazama kingo kama zimechanika, kagua vile viungo vya chuma na pini zake, na upime urefu. Mikanda inatakiwa ilingane. Mmoja ukishakuwa mrefu kuliko wenzake unakwenda upande na kujikwangua ubavuni.

Sasa ukaguzi wenyewe. Mashine ikiwa imezimwa, mlango wa nyuma uko juu na koki yake ya usalama imefungwa, pitia ncha zote za rola, kulia na kushoto. Ukiona vumbi jekundu laini limezunguka beringi, hiyo imekauka grisi siku nyingi. Chukua mtaimbo, weka chini ya rola, inua taratibu huku umeshika ncha kwa mkono wa pili. Ikicheza, usiridhike na neno la muuzaji kwamba "ni beringi tu". Mulika tochi uone kinachocheza ni nini hasa. Kama ni gololi ndani ya beringi, hiyo kweli ni bei ya beringi. Kama pete ya ndani imekuwa ikizunguka juu ya shafti, shafti imeliwa. Utaona chuma king'aavu chenye mifereji, na beringi mpya haitashika pale. Dawa yake ni kutoa rola, kujaza kwa kuchomelea, kisha kukereza upya. Rola moja inavumilika. Zikiwa nne au tano, mshukuru mwenye yadi na uondoke.

Halafu izungushwe. Beila ambayo hujaiona ikizunguka usiilipie. Ifungwe kwenye trekta, PTO (shafti ya nyuma ya trekta inayozungusha mashine) ipandishwe taratibu mpaka mizunguko 540 kwa dakika, iachwe tupu robo saa hivi. Sikiliza. Mlio wa mnyororo uliolegea na mlio wa beringi inayosaga ni tofauti kabisa, na fundi yeyote wa mashine atakutenganishia. Zima injini, chomoa ufunguo, subiri kila kitu kisimame, ndipo upite na kile kipima joto cha mwanga kwenye kila beringi. Hutafuti namba fulani. Unatafuta ile iliyojitenga na wenzake kwa joto.

Nyingine nazipitia haraka: mitungi ya haidroliki ya mlango isivuje, meno yaliyokatika yahesabiwe, mdomo wa kuokotea usiwe umepindika, oili ya giaboksi ichotwe kidogo uone kama ina maji au chembe za chuma. Kama ni ya kufunga robota kwa nyavu badala ya kamba, kisu kikate upande wote na rola ya mpira ya nyavu isiwe imeota ugumu.

Karibuni.

Kijana_Makambako

Mkuu asante kwa madini haya. Mimi nina trekta la MF (Massey Ferguson) 240, nimeona beila ya rola ya robota la mita 1.2 kwa 1.2. Trekta langu litaiweza?

Mfugaji_Siha

Ndugu yangu, MF 240 ni takriban nguvu za farasi 50. Kuizungusha ikiwa tupu itaizungusha. Shida inakuja robota likikaribia kujaa, pale rola zinapobana na injini inaanza kuzama. Ukipunguza mwendo utamaliza, lakini trekta litachoka. Kubwa zaidi ni uzito. Beila za kipimo hicho huwa karibu tani mbili, ongeza robota ndani, kisha fikiria mteremko na breki za trekta dogo. Tambarare tupu, labda. Kwenu milimani, tafuta farasi 65 kwenda juu. MF 375 inaifanya kazi hiyo bila kulalamika.

Kagua pia kama trekta lako lina matundu ya haidroliki ya nje. Bila hayo mlango wa nyuma hautafunguka, na MF 240 nyingi hazikuja nayo.

Fundi_Nakuru

Salamu kutoka Nakuru. Nimesoma yote, mwanzisha uzi amesema kweli kuhusu shafti. Niongeze kuhusu minyororo kwa sababu ndiyo inaletwa kwangu kila msimu.

Mnyororo haupimwi kwa macho. Nyingi za hizi beila zina mnyororo wa pitsi (umbali kati ya pini na pini) ya inchi moja, yaani milimita 25.4. Uvute ukakaze, pima pingili 20. Mpya ni milimita 508. Ukifika 518 anza kutafuta pesa. Ukifika 523 umeshatanuka asilimia 3, utoe, maana sasa unakula sproketi (gurudumu la meno linalobeba mnyororo). Na sproketi meno yakishapinda kama ndoana, usivishe mnyororo mpya juu yake, utaisha kabla ya msimu kwisha. Vinabadilishwa pamoja.

Jambo lingine, ndugu zangu. Beila ya Ulaya mara nyingi inatumia mnyororo wa 16B. Dukani wanaweza kukupatia namba 80 ya Marekani wakisema ni sawa kwa sababu pitsi ni ile ile. Upana wa ndani si mmoja: 16B ni karibu milimita 17, ule wa 80 ni kama 15.75. Sproketi ya 16B ikiwa na meno manene, ule wa 80 unaminya. Beba kipande cha mnyororo wa zamani uende nacho dukani.

Halafu ile bolti ya kukatika kwenye shafti ya PTO. Imewekwa pale ili ikatike yenyewe nyasi zikisonga. Watu wanachoka kuibadilisha, wanaweka bolti ngumu. Kinachofuata giaboksi inapasuka au shafti inajinyonga. Nunua bolti za daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha mashine, weka kumi kwenye kisanduku cha trekta. Kama zinakatika kila mara, tatizo liko kwenye nyasi au kwenye beringi iliyokwama. Tafuta hapo.

Mchuuzi_wa_Malisho

Naomba nitoe hoja ya upande wa pili, wakuu. Hizi za mviringo zinafaa aliye na ng'ombe wake mwenyewe wengi. Kwa biashara ya kuuza rejareja, mteja wangu anakuja na bajaji au pikipiki, anataka marobota matatu ya kilo 15. Nitamkatia vipi robota la kilo 180? Mimi nimebaki na beila ya mraba na siihami.

Mfugaji_Siha

Mkuu, hapo sikupingi hata kidogo. Robota la 1.2 kwa 1.2 la nyasi kavu linakwenda kilo 160 hadi 200 na ushee, yaani kama marobota yako 12 kwa pamoja. Anayetaka kuuza kwa wafugaji wa ng'ombe wawili watatu abaki na mraba. Ya mviringo inalipa kwa mwenye zizi kubwa, kwa ranchi, kwa anayefunga mabua na majani ya mpunga kwa wingi, na kwa anayekosa vibarua wa kubeba. Unahitaji pia mkuki wa kubebea nyuma ya trekta. Bila mkuki robota litabaki pale lilipodondokea.

Mama_Maziwa_Tanga

Wakubwa hamjambo. Mmezungumza chuma sana, mimi niseme kamba, maana ng'ombe ndiye anayekutana nayo.

Ukinunua beila kuukuu, angalia kama inafunga kwa kamba, kwa nyavu, au vyote viwili. Nyavu ni haraka, robota linazungushwa mara mbili na nusu hivi limeshatoka. Kamba inakuchelewesha umesimama pale mpaka mkono wa kamba umalize kwenda na kurudi. Lakini nyavu ni plastiki. Kipande kilichobaki kwenye nyasi ng'ombe anameza, hakisagiki, kinajikusanya tumboni mwaka hadi mwaka. Daktari wa mifugo akipasua anakuta furushi. Nilipoteza mtamba mzuri kwa sababu hiyo na inaniuma mpaka leo.

Mimi natumia kamba ya katani. Inaoza, na kipande kikiponyoka kikaliwa hakinitii hofu. Na sisi watu wa Tanga tuna haki ya kuisemea: mmea wenyewe uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na kwa miongo mingi wakulima wa Ulaya na Marekani walifunga mazao na nyasi zao kwa kamba iliyotoka kwenye mashamba yetu, mpaka plastiki ilipokuja kuiangusha soko. Ni vizuri beila zao kuukuu zikifika huku zilishwe katani tena.

Angalizo: katani isinyeshewe kabla ya matumizi, na marobota yaliyofungwa kwa katani yasikae chini kwenye udongo wenye unyevu. Kamba inaoza upande wa chini, ukiinua robota linafumuka lote.

Fundi_Nakuru

Mama, pole sana kwa mtamba. Umesema jambo la maana. Kwa watakaobaki na nyavu, hesabu yake ni hii: mzingo wa robota la mita 1.2 ni karibu mita 3.8, mara mbili na nusu ni mita tisa na nusu. Bunda la mita 2,000 litakupa marobota 210 hivi. Na nyavu zikatwe na kutolewa ZOTE kabla ya kulisha, zihesabiwe, zisiachwe zizini.

Mzee_wa_Mufindi

Vijana, hamjambo. Nimeendesha hizi mashine tangu enzi za mashamba makubwa. Sikuona mtu aliyetaja hatari, nami sitanyamaza.

Nyasi zikisonga mdomoni, usishuke PTO ikiwa inazunguka. Usivute hata unyasi mmoja. Mdomo ule unakokota nyasi kwa kasi kuliko mkono wako unavyoweza kuachia, unakwenda nao. Zima injini, ufunguo uwe mfukoni mwako, si kwa kijana aliyekaa kwenye trekta.

Mlango wa nyuma ukiwa juu, usiingie chini yake bila kufunga koki. Bomba la haidroliki kuukuu halitoi taarifa likipasuka.

Na robota lenyewe. Usiliachie kwenye mteremko. Geuza trekta likingame na kilima kwanza, ndipo ufungue. Mwaka 2010 huko Devon, Uingereza, robota lilibingirika kutoka kilimani likatua juu ya gari barabarani na kumuua Mike Edwards, yule aliyepiga selo kwenye bendi ya muziki ya ELO (Electric Light Orchestra). Lile lilikuwa la kilo 600. Letu la kilo 200 halihitaji kufikia hapo ili limalize mtoto anayechunga.

Shafti ya PTO isiyo na kifuniko cha plastiki usiikubali hata kwa zawadi mpaka kifuniko kinunuliwe. Kanga au koti likinaswa, hakuna muda wa kupiga kelele.

Kijana_Makambako

Shikamoo mzee. Nimekuelewa, nitayafanyia kazi.

Mfugaji_Siha

Mzee shikamoo, na asante sana. Naomba kila anayepita kwenye uzi huu asome komenti ya mzee kabla ya yangu.

Nimeahidi matunzo, basi niyamalizie.

Grisi: kitabu cha mashine kitakuambia kila nipo (chuchu ya kutilia grisi) iko wapi na itiwe kila baada ya saa ngapi za kazi. Kama kitabu hakipo, zunguka mashine na chaki, weka alama kila nipo unayoiona, ikiwemo ile ya msalaba wa PTO inayojificha ndani ya kifuniko. Hiyo ndiyo inasahaulika kuliko zote. Beringi za rola zilizozibwa hazipokei grisi, usilazimishe. Minyororo itiwe oili ikiwa bado ya moto, jioni baada ya kazi, inyonye usiku kucha. Ukipaka asubuhi ikiwa baridi oili inabaki juu na kukusanya vumbi, na vumbi letu la kiangazi ni kama msasa.

Moto: makapi makavu yakijikusanya kwenye beringi iliyopata joto, beila inaungua pamoja na shamba. Kila jioni pulizia makapi kwa upepo wa kompresa, au hata ufagio wa chelewa, hasa pembeni mwa rola na juu ya giaboksi. Kizima moto kikae kwenye trekta, si nyumbani.

Ufungaji wenyewe nao ni matunzo. Mstari wa nyasi ukiwa mwembamba kuliko mdomo, usiendeshe katikati tu, utapata robota lenye umbo la pipa na rola zitabeba mzigo katikati tu. Lisha upande wa kushoto kwa mwendo fulani, kisha hamia kulia, ukae huko. Usiyumbe yumbe kila mita mbili. Bora zaidi reki (mashine ya kukusanya nyasi) ipange mstari upana sawa na mdomo.

Unyevu: robota la mviringo halipumui kama la mraba. Nyasi ziwe chini ya asilimia 18, mimi nasubiri 15. Bila kipimo, chukua mtungi wa kioo mkavu, katakata nyasi uzijaze kiasi, weka vijiko viwili vya chumvi kavu, funika, tikisa dakika mbili tatu. Chumvi ikishikamana madonge, acha nyasi zipigwe jua tena. Ikibaki inamwagika kama ilivyoingia, funga. Ukifunga zikiwa mbichi, zitapata joto ndani, zitaota ukungu, na zikizidi sana zinaweza kujiwasha zenyewe ghalani. Lusina ni kinyume kidogo: ikikauka mno majani yote yanapukutika mdomoni, kwa hiyo ifunge alfajiri au jioni, umande kidogo ukiwa juu ya majani na bua limeshakauka.

Kuhifadhi: wengi wanaacha marobota mvuani wakisema "yanaoza juu tu". Pigeni hesabu. Robota la kipenyo cha mita 1.2 likioza sentimita 10 tu kuzunguka, umepoteza asilimia 30 ya nyasi zote, kwa sababu ngozi ya nje ndiyo yenye ujazo mwingi. Banda, au turubai, na magogo chini.

Msimu ukiisha, mashine iingie bandani ikiwa safi, nyasi zote zimetolewa ndani (nyasi zilizobaki zinavuta unyevu na kula chuma), grisi mpya kwenye kila nipo ili isukume maji nje, minyororo ipakwe oili, na ya mikanda mikanda ilegezwe. Andika kwenye karatasi kilichokuwa kinapiga kelele. Ukisubiri msimu ufuatao utakuwa umesahau.

Kijana_Makambako

Mkuu, jana nilikwenda kuiona. Ni ya rola, kamba tupu bila nyavu. Imezungushwa kwa trekta la mwenye yadi. Rola mbili za chini zinacheza. Moja ni beringi, ya pili nimemulika tochi nikaona shafti ina mfereji. Mnyororo mkuu pingili 20 umekuja 521. Giaboksi oili safi. Meno kama kumi hayapo. Kwa trekta, nimeongea na shemeji mwenye MF 375 tushirikiane. Je, ninunue?

Mfugaji_Siha

Umekagua vizuri kuliko wauzaji wengi. Kwa hali hiyo, ndiyo, ila si kwa bei waliyoandika. Kaa na fundi mkerezaji wa kwenu kabla ya kurudi yadi, akupe bei ya kutoa rola moja, kujaza na kukereza. Jumlisha beringi nne (ukifungua rola badilisha pande zote mbili), mnyororo mkuu pamoja na sproketi zake, na meno. Kiasi hicho chote kitoke kwenye bei. Wakikataa, wape wiki mbili. Mashine ya kamba tupu haigombewi.

Rola za chini ndizo zinazobeba uzito wa robota, kwa hiyo usiifanyishe kazi hata siku moja kabla ya kuzitengeneza.

Fundi_Nakuru

Na kabla hujailipa, piga picha ya kibati cha namba ya mashine. Bila namba hiyo hakuna duka la spea, hapa wala Ulaya, litakalokupatia kifaa sahihi. Ukishaipata itume hapa uzini, nitakusaidia kutafuta namba za beringi na sproketi.

Kijana_Makambako

Narudi yadi Jumatatu na shemeji. Nitaleta picha ya kibati.